Kiraka

Kila Mei, Kreszenz huivisha barafu nguo.
Si neno la kishairi hilo: ni kitambaa kizito cha plastiki,
marobota arobaini, meupe, yaliyopandishwa kwa trekta
hadi pale barabara inapokata tamaa.
Huyatandika mlimani, huyashona kwa sindano ya turubai,
na uzi huulainisha kwa nta ya mishumaa iliyobaki kanisani.

Lorenz, mwongozaji wetu, alipouona weupe ule
alisema mara moja: sanda.
Akaliandika neno daftarini, akalipigia mstari.
Nilinyamaza. Ilifanana, kweli,
ila sanda haishonwi viraka,
wala maiti haitozi kiingilio
cha faranga tisa, watoto tano.

Nilizaliwa chini ya mlima huu, nyumba ya tatu baada ya daraja.
Enzi hizo barafu ilionekana kutoka dirisha la jikoni,
imelala juu yetu kama ng'ombe anayecheua;
mama aliitazama kwanza ndipo aamue kuanika au kutoanika.
Kisha nikaenda Zurich kusomea sauti.
Nimerudi na vipaza sauti sita na buti mpya,
na dirishani ni jiwe tu, jiwe la kijivu,
nikaona haya kama mtoto aliyeitwa mara tatu
akaitika ya nne.

"Mwambie afunue shuka tena," Lorenz akaniomba,
maana lahaja ya bondeni humpiga chenga,
"polepole, atazame chini, kama anayemkumbuka mtu."
Kreszenz akafunua. Akatazama juu. Akatazama saa.
"Shuka hili limepanda bei mara mbili," akaiambia kamera.
"Mwakani huenda nikafunika nusu.
Nusu ipi, ndilo swali. Andikeni hilo."
Lorenz alitaka chozi. Tulirudia mara saba.
Mara ya saba pua yake ikachuruzika, baridi tu ile,
na Lorenz akafurahi.

Alasiri betri ikafa. Wenzangu wakashuka garini.
Nikabaki na waya mrefu na kipaza sauti cha majini,
kidogo kama kokwa ya zaituni.
Nikakishusha ufani, nikavaa visikio.

Nilitazamia kimya, au tone, au ngurumo.
Kumbe mle mlikuwa na soko zima:
tik, tatatik, pwa,
vipovu vya hewa vikipasuka kimoja kimoja,
hewa iliyofungiwa kabla ya daraja, kabla ya kanisa,
kabla mtu hajalipa jina bonde hili,
ikitoka bila haraka, bila kuaga.
Nilivua glavu. Sijui kwa nini. Nikaweka kiganja
hadi kikauma, hadi kikaacha kuuma.

"Unasikiliza nini?" Kreszenz, sindano mdomoni.
Nikampa visikio. Akavivaa juu ya kofia ya sufu,
akafumba jicho moja kama anayelenga.
Miaka thelathini na minne ameichonga barafu hii,
ameiuza, ameitukana, ameifunika;
hakuwahi kuisikia.
"Siagi," akasema. "Siagi kikaangoni."
Akacheka, kicheko kikamwishia katikati
naye hakukimalizia.
Alisikiliza dakika nne na sekunde kumi na moja.
Najua, maana nilikuwa narekodi.

Akanirudishia. Akatema uzi.
"Kuna tundu pale chini, jua linaingia.
Shika upande ule, uvute."
Nikashika. Nikavuta.

Lorenz aliporudi, nuru ilikuwa imehama;
akalaani, akapiga picha mawingu.
Filamu yake ni nzuri, watu hulia.
Vile vipovu aliviweka chini ya piano,
chini sana, huvitambui usipoambiwa.

Mimi huvisikia. Gizani ukumbini
vidole vyangu huukumbuka uzi wenye nta,
na kile kiraka, kikubwa kama meza ya watu wawili,
kilichopinda upande wangu
kwa sababu sijui kushona.